Maneti ya zamani ya PlayStation kwa kuongozea muziki

Ndugu yangu, umeuliza kama maneti (kile kifaa cha kushika mkononi wakati wa kucheza) ya PlayStation 2 iliyokufa, uliyoipata sokoni Kadutu, inaweza kuongoza programu ya muziki kwenye kompyuta. Inaweza, tena vizuri sana! Mali iliyomo ni vile vijiti viwili. Ving'oe kwenye bodi taratibu, risasi ya kulehemu iyeyuke kabisa kwanza. Kila kijiti kina potensiometa mbili (vipimo vya umeme vinavyobadilika ukikisukuma), moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini, kila moja na miguu mitatu: ya pembeni peleka 5V na ardhi (GND), wa katikati uingie pini ya kusomea ya bodi ndogo ya kompyuta, A0 kwa potensiometa ya kwanza, A1 kwa ya pili, na kuendelea.

Bodi yenyewe, tafuta Pro Micro yenye chipu ya ATmega32U4. Ukiiandikia programu ya MIDI (lugha ambayo vyombo vya muziki na kompyuta huzungumza), kompyuta itaitambua kama chombo cha MIDI kupitia USB. Arduino Uno, bodi nyingine ya aina hiyo, itakusumbua bure. Pro Micro inasoma kijiti kwa namba 0 hadi 1023, MIDI inataka 0 hadi 127, basi gawanya kwa 8. Na tuma namba pale tu inapobadilika: yangu ya kwanza ilitetemeka yenyewe, besi ikanguruma usiku mzima bila mimi kugusa kitu.

Kijiti hurudi katikati chenyewe, kwa hiyo kipe kazi ya kupinda noti, si kupandisha sauti. Vitufe ni rahisi, tutavizungumza ukifika hapo.