Kabla ya Kubadili Lugha ya Kompyuta, Ijue Njia ya Kurudi

Kompyuta niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika ilinifikia ikiwa na Windows 10 ya Kijerumani mwanzo hadi mwisho, nami Kijerumani sikijui hata cha kuombea maji. Nilibahatisha aikoni moja baada ya nyingine kwa muda mrefu, hadi nilipokumbuka njia isiyomlazimu mtu kusoma neno lolote: unabonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, unaandika ms-settings:regionlanguage katika kisanduku kinachojitokeza, kisha unabonyeza Enter. Amri hiyo ni ileile mfumo uwe katika lugha yoyote, na ukurasa wa lugha hufunguka papo hapo. Iandike kwenye karatasi kabla hujagusa chochote, hasa ikiwa lugha unayoijaribu huifahamu vizuri.

Hata hivyo, kuiandika kwenyewe kulinitoa jasho. Vitufe vyangu vilikuwa na alama za kibodi ya Kiingereza, lakini mfumo uliamini kwamba kibodi ni ya Kijerumani, kwa hiyo kila nilipobonyeza kistari ilitokea ß, na mahali pa nukta pacha ikaja Ö. Kistari nilikipata kwenye kitufe cha mkwaju, na nukta pacha kwa kubonyeza Shift pamoja na kitufe cha nukta. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba lugha ya maandishi ya skrini, mpangilio wa kibodi na muundo wa tarehe na namba ni mambo matatu tofauti, na kwamba kubadili moja hakuhakikishi kwamba mengine yatafuata.

Kibodi ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Neno langu la siri lina herufi y, na katika kibodi ya Kijerumani y na z zimebadilishana nafasi. Nilipoliweka siku ya kwanza, bila kujua, nilikuwa nimehifadhi z. Nilipoweka kibodi ya Kiingereza na kuiondoa ile ya zamani, kompyuta ikanikatalia kuingia. Kilichoniokoa ni alama ndogo ya jicho iliyo pembeni mwa kisanduku cha neno la siri, ambayo hukuonyesha unachokiandika. Nilipoona y imekaa pale nilijaribu z, mlango ukafunguka. Kwa hiyo usiiondoe kibodi ya zamani mpaka uwe umetoka na kuingia tena walau mara moja ukitumia mpya. Kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi huhamisha kibodi moja kwenda nyingine.

Muundo wa namba una hila yake. Wiki nzima baadaye niliandika 2.5 katika Excel, nayo ikaigeuza kuwa tarehe 2 Mei, kwa kuwa Wajerumani hutenganisha desimali kwa mkato na tarehe kwa nukta. Marekebisho yake yako jirani na ukurasa wa lugha, kwenye sehemu ya eneo, na ni afadhali uyafanye siku hiyohiyo, kabla hujajaza jedwali lolote la hesabu.

Kupakua lugha yenyewe ni kazi nyepesi: unaiongeza, unaichagua, unatoka kwenye akaunti na kuingia tena. Iwapo chaguo la kubadili halipo, andika winver katika kisanduku kilekile cha awali. Ukiona maneno Single Language, toleo hilo limefungwa katika lugha moja, na usipoteze jioni yako kutafuta ujanja.

Mimi niliweka Kiswahili. Kifurushi chake hukaa juu ya Kiingereza, hivyo sehemu ambazo hazijatafsiriwa hubaki katika Kiingereza, na utaona lugha hizo mbili zikichanganyika katika dirisha moja. Mwanzoni hali hiyo iliniudhi. Sasa naiona kuwa na faida, maana ujumbe wa hitilafu ulio katika Kiingereza ni rahisi zaidi kuutafutia jibu katika intaneti.

Skrini ya kuingilia iliendelea kunisalimu kwa Kijerumani, kwa kuwa mabadiliko yote hayo yalihusu akaunti yangu pekee. Katika ukurasa wa lugha kuna kiungo cha mipangilio ya kiutawala chenye kitufe cha kunakili mipangilio. Humo unaweka tiki mbili, moja ya skrini ya kuingilia na nyingine ya akaunti zitakazofunguliwa baadaye, kisha unaiwasha kompyuta upya.