Barua isiyo na stempu si lazima iwe ya kabla ya stempu

SWALI: Assalaam alaykum. Katika kasha la marehemu babu, hapa Wete, tumekuta barua iliyokunjwa bila bahasha. Imeandikwa Kigujarati, haina stempu, ina muhuri mweusi wa duara wenye neno ZANZIBAR, na tarehe haisomeki. Dalali mmoja wa mjini anasema ni ya miaka ya 1840, kabla ya stempu, na akiisafisha madoa na kuitafutia cheti bei itapanda mara kumi. Tumpe?

JIBU: Waalaykumu salaam. Msimpe.

Muhuri wenyewe unamsuta. Miaka ya 1840 hapakuwa na posta Unguja ya kugonga neno hilo. Ofisi ya kwanza, tawi la posta ya India, ilifunguliwa 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikafunguliwa tena Oktoba 1875. Wakati huo India ilikuwa na stempu zake tangu 1854 na Uingereza tangu 1840. Kwa hiyo muhuri wa posta ya Zanzibar wa kabla ya stempu haupo, na wa Pemba ndiyo kabisa, maana ofisi zake zilikuja baada ya ya Unguja.

Barua zilizotoka hapa kabla ya hapo zipo, lakini mihuri yake ni ya kwengine. Alikabidhiwa nahodha, na posta ya bandari alikoshukia ndiyo iliyogonga: Bombay, London, Salem ya Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa na konseli wao hapa tangu 1837, na barua zao zilipofika kwao ziligongwa neno SHIP, kisha karani akaandika nauli kwa mkono. Nauli hiyo ikaguliwe pamoja na tarehe. Barua ya karatasi moja iliyoshuka Salem na kubaki Salem ililipiwa senti 6. Ikiendelea hadi Boston ilikuwa senti 8 mpaka katikati ya 1845, baada ya hapo 7. Ukiuziwa ya 1842 ya kwenda Boston yenye 7, aliyeitengeneza hakuijua hesabu.

Sasa yenu. Watu wengi mno wanaamini kwamba barua ikikosa stempu basi imezitangulia, na madalali wanakula kwa imani hiyo. Gundi ya stempu haivumilii unyevu wa visiwa hivi, stempu hubanduka zenyewe. Nyengine zilibanduliwa na wakusanyaji. Na barua iliweza kutumwa bila kulipiwa, mpokeaji akatozwa maradufu. Hiyo huwa na alama ya deni, kama herufi T au tarakimu ya ana, sarafu ya India ya wakati huo. Geuzeni pande zote, na nyuma pia, maana stempu ilibandikwa hata nyuma. Tafuteni mstatili wa kama sentimita 2 kwa 2.5 wenye rangi tofauti kidogo, au sehemu ambapo duara la muhuri linakatika ghafla kwa mstari ulionyooka. Mkiuona huo mkato, sehemu iliyobaki ya muhuri iliondoka na stempu.

Inabaki kujua kama muhuri ni wa kweli. Chukueni kioo cha kukuzia mara 10 mtazame mahali unapopita juu ya mkunjo. Barua ya zamani ilikunjwa kwanza, ikagongwa baadaye: wino umekaa juu, na mkunjo ulipochakaa ukamomonyoka pamoja na karatasi, ukaacha mstari mweupe. Muhuri uliogongwa juzi juu ya karatasi kuukuu wino wake hunywewa na nyuzi zilizokwisha kuvunjika, mkunjo ukawa mweusi kuliko pembeni. Wino wa posta wa zamani ulikuwa wa masizi na mafuta ya kitani. Mara nyingi mafuta hayo huacha kivuli cha manjano upande wa pili wa karatasi. Mkiona vitone vidogo vya rangi mbalimbali, ni printa.

Taa ya kukagulia noti nayo inasaidia, kwa upande mmoja tu. Karatasi iking'aa weupe wa buluu ina dawa ya kung'arisha ya karne ya 20, mchezo umekwisha. Isipong'aa haijathibitisha kitu: daftari za zamani zenye kurasa tupu zimejaa mjini, na vishoka wanajua kuzikata.

Kuhusu kusafisha, hapo ndipo mali inapouawa. Dawa ya kutakatishia nguo hula wino wa kalamu wenye madini ya chuma, na klorini hubaki ndani ya karatasi ikiendelea kuila. Limau ni asidi. Maji husambaza rangi, kwa hiyo msijaribu hata kidole kilicholowa. Doa la lakiri ni sehemu ya barua. Mikato miwili mitatu iliyonyooka inayopenya tabaka zote si lazima iwe uharibifu. Barua za karantini zilichanjwa hivyo ili moshi wa dawa uingie, na anayeiziba kwa gundi anafuta ushahidi. Selotepu na plastiki ya kubandika kwa moto hata msiulize.

Na cheti kinachotolewa kwa picha ya simu ni karatasi tu: picha haioneshi nyuma ya wino wala mkunjo. Kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society London, chama cha wakusanyaji stempu, hutaka kitu chenyewe mkononi, na cheti chake hubeba picha ya kitu hicho. Mkioneshwa cheti cha barua nyengine inayouzwa, linganisheni picha na barua, kila mkunjo na kila doa, kabla ya kutoa hata shilingi. Yenu kwanza ipigeni picha mbele, nyuma na ndani, pamoja na rula, muiweke kwenye mfuko wa plastiki angavu ya poliesta, si ule wa plastiki laini unaonuka. Kisha tafuteni msomaji wa Kigujarati. Wafanyabiashara walizoea kuandika tarehe ndani, na huenda jibu lote mmekuwa nalo humo kashani.