Kabla Hamjaondoka na Gari-Nyumba, Kila Mmoja Aijue Kazi ya Mwenzake

Siku ya 23 ya safari yetu ya kwanza, mume wangu aliamka alfajiri akashika ukuta. Kila alipogeuza kichwa, aliona dari inazunguka. Alitapika mara mbili kabla jua halijatoka. Tulikuwa tumeegesha mahali tulipopapenda jana yake kwa sababu hapakuwa na watu, na asubuhi ile ukosefu huo wa watu ndio ulionitia hofu. Hospitali ya karibu ilikuwa umbali wa kilomita 40. Gari letu lina urefu wa mita 7, na mimi nilikuwa nimeliendesha mara moja tu, kwenye uwanja mtupu, kabla hatujaondoka.

Niliendesha. Kilomita hizo zilinichukua karibu saa mbili, mikono ikitoka jasho kwenye usukani. Daktari alisema ni kizunguzungu cha sikio la ndani, na baada ya siku chache mzee alikuwa na nafuu. Lakini kabla sijawasha injini nilikuwa nimepoteza nusu saa nzima: sikujua gesi inafungwa wapi, dirisha la paa linashushwa vipi, ngazi ya mlango inakunjwaje, wala kwamba kulikuwa na vipande vya mbao chini ya matairi ya nyuma vya kuondoa. Kazi hizo zote alikuwa akizifanya yeye. Naye daktari alipomuuliza anatumia dawa gani za presha, hakujua jina hata moja. Alinitazama mimi.

Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba yeye na mwenzake wamestaafu na wanataka kuzunguka na gari-nyumba miezi mitatu au sita, simuulizi wanakwenda wapi. Namuuliza: ukiugua wewe, yeye ataweza kuwarudisha nyumbani?

Ndoa ya miaka mingi huwa imekwisha kugawa kazi, na mgawanyo huo ndani ya nyumba hauna ubaya wowote. Barabarani ni hatari. Sasa sisi tunabadilishana: siku moja naendesha mimi na kufanya kazi zote za nje, yaani kujaza maji, kumwaga maji machafu, kusafisha tangi la choo, kukagua matairi. Yeye siku hiyo anapika, anapanga dawa, anatunza hati na hesabu ya fedha. Kesho yake tunageuza. Wiki ya kwanza ilituchosha, kwa sababu kila mmoja alitaka kumsahihisha mwenzake. Vumilieni wiki hiyo.

Kuhusu kuendesha, kama mmezoea gari dogo kuna mambo matatu ya kuyafanyia mazoezi mpaka yaingie mwilini. La kwanza ni kimo. Pimeni gari mpaka kwenye kitu kilicho juu kabisa, iwe kiyoyozi au sola, kisha andikeni namba hiyo mbele ya dereva, maana mbele ya daraja fupi hakuna muda wa kukumbuka. La pili ni mkia. Sehemu ya gari iliyo nyuma ya matairi ya nyuma, mkikata kona, inatupwa upande wa pili, na inaweza kugonga nguzo ambayo dereva ameshaisahau. La tatu ni mteremko. Gari zito likishuka mlima mrefu huku mguu umekaa kwenye breki, breki hupata moto na kupoteza nguvu. Punguzeni mwendo kabla ya kuanza kushuka, wekeni gia ndogo, injini iwashikilie.

Halafu kuna rivasi. Nadhani hakuna jambo lililotugombanisha kama hili. Mmoja yuko nje anapiga kelele, mwingine yuko ndani hasikii, injini inanguruma, watu wanatazama. Tulichokubaliana ni hiki: aliye nje hasemi neno, anatumia mikono tu, na ishara ni nne, yaani njoo, simama, kushoto, kulia. Tena anasimama mahali anapoonekana kwenye kioo cha pembeni. Dereva asipomwona mwenzake kwenye kioo, hata kwa sekunde moja, anasimamisha gari papo hapo. Kanuni hii ni ya usalama kuliko ya amani, kwa sababu huenda mwenzako ameteleza yuko nyuma ya gurudumu. Ilituletea amani pia.

Sasa uzito, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana watu wa umri wetu tuna vitu vingi na kila kimoja tunakiona cha lazima. Kila gari lina kibati kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Letu ni kilo 3,500. Tulipolipeleka kwenye mzani likiwa tupu lilikuwa kilo 3,080, kwa hiyo tulibaki na kilo 420. Zinaonekana nyingi. Sisi wawili pamoja ni kilo 150. Lita 100 za maji ni kilo 100. Mitungi miwili ya gesi iliyojaa ni kama kilo 45. Zimebaki 125 za nguo, vyombo, viti, matandiko, zana na chakula cha wiki. Tulipopima mara ya pili baada ya kupakia, tulikuwa tumezidisha kilo 180! Gari lililozidiwa huchelewa kusimama, hupasua matairi, na bima inaweza kukataa kulipa. Tulishusha baiskeli zote mbili, sufuria nzito, na sanduku zima la vitabu. Sijawahi kukitamani hata kimoja kati ya hivyo njiani, isipokuwa vitabu.

Matairi hayo yasipimwe kwa macho. Gari-nyumba nyingi hukaa muda mrefu bila kutembea, kwa hiyo tairi huzeeka kabla halijaisha meno. Ubavuni kuna namba nne za mwisho wa msimbo wa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Someni namba hiyo kwenye kila tairi, na spea pia. Upepo upimwe asubuhi kabla ya kuanza safari, tairi likiwa la baridi.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutulia sakafuni, na ndiyo sababu gari hizi huwa na matundu ya hewa chini. Mimi mwenyewe nililifunika tundu mojawapo kwa zulia usiku mmoja wa baridi kali, nikidhani nazuia upepo tu. Mume wangu aliliona asubuhi, akakaa kitandani bila kusema kitu kwa muda. Msifunike matundu hayo, wala msiote moto wa jiko la kupikia. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto uliokosa hewa ya kutosha, haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala huenda asiamke. Wekeni kengele mbili, ya gesi chini karibu na sakafu na ya kaboni monoksidi kwa kufuata maelekezo yake, na mzijaribu kila wiki. Kila mmoja ajue valvu ya mtungi iko wapi na aweze kuifunga gizani.

Umeme nitausema kwa ufupi. Betri za kawaida za asidi hazipendi kunyonywa chini ya nusu, kwa hiyo betri ya saa-ampea 100 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri) ihesabuni kama 50. Mkifahamu hilo tu, hamtashtuka taa zikififia usiku wa pili.

Mwili wenyewe ndio unaoamua safari itadumu muda gani. Mwanzoni tulikuwa tunakimbiza kilomita 500 kwa siku, tukifika usiku, tukiegesha kwa kubahatisha, tukila bila hamu na kulala tumenuniana. Naamini uchovu huo ulichangia yaliyotupata siku ya 23, ingawa daktari hakusema hivyo. Sasa hatuzidi kilomita 200, hatuzidi saa nne za usukani kwa siku, na saa tisa alasiri tunataka tuwe tumeshaegesha, ili tupaone mahali kukiwa na mwanga na tuweze kuhama kama hatukupapenda. Tunalala usiku mbili au tatu mahali pamoja. Kila baada ya wiki tatu tunakaa wiki nzima bila kuwasha injini. Wengine wataona huu ni mwendo wa kobe. Kwetu ndio uliotuwezesha kumaliza miezi mitano.

Kukaa kwenye kiti muda mrefu kunaweza kuifanya damu igande miguuni, na hatari hiyo huongezeka na umri. Simameni kila baada ya saa moja na nusu, mtembee dakika kumi. Kunyweni maji hata kama hamna kiu, maana mtu akizeeka kiu huchelewa kumwambia. Najua wazee wenzangu wengi hujinyima maji safarini wakiogopa kutafuta choo. Choo mnacho nyuma ya viti vyenu.

Dawa zigawanywe mifuko miwili, mmoja ukipotea mwingine ubaki. Andikeni kwenye karatasi jina halisi la dawa na kipimo chake, msitegemee jina la kibiashara lililoko kwenye boksi, kwa sababu mkivuka mpaka jina hilo linaweza kuwa jingine kabisa. Wanaotumia insulini waweke akiba yake kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya friji inayogandisha, kwa kuwa insulini iliyoganda hutupwa. Karatasi hiyo ya dawa iwe ya wote wawili, na kila mmoja aisome ya mwenzake mpaka aweze kuitaja kwa kichwa.

Kama hamjanunua gari bado, kodisheni kwanza kwa wiki mbili, na msichague wiki za jua tupu. Mvua ya siku tatu ndani ya chumba cha mita za mraba kumi itawaeleza mengi ambayo muuzaji hatawaeleza. Sisi tuligundua kwamba kila mmoja anahitaji saa moja ya kukaa kimya asubuhi. Yeye huketi kiti cha mbele akitazama nje, mimi nabaki nyuma na chai yangu, na pazia katikati.

Baada ya kutoka hospitalini, kabla hatujaendelea, tulikaa siku nne tukiandika daftari mbili. Ya kwake ina kila kitu anachokijua kuhusu gari: fyuzi gani ni ya pampu ya maji, jeki inakaa chini ya chuma kipi, utaratibu wa kuondoka hatua kwa hatua. Ya kwangu ina dawa, namba za bima, hati, nani wa kupigiwa simu na kwa mpangilio gani. Kisha tukabadilishana. Tuliondoka siku ya tano, mimi nikiwa kwenye usukani, yeye pembeni ananisomea kutoka daftari lake mwenyewe: ngazi imekunjwa, gesi imefungwa, dirisha la paa limeshuka, mbao zimetolewa.