Jibu: Waini gani kwa pilau na mbuzi choma siku ya Krismasi?

Mkuu, kwa huyo mbuzi usihangaike. Nyekundu kavu (yaani isiyo na utamu) ya Dodoma, ya zabibu za Makutupora au Syrah, inatosha kabisa; ukakasi wake unakata mafuta ya nyama. Kazi ipo kwenye pilau. Bizari nyembamba, mdalasini na karafuu ukizikutanisha na nyekundu nzito, mdomo unakauka, na kachumbari ikiwa na pilipili, kilevi kinazidisha moto. Hapo mimi naweka nyeupe ya zabibu za Chenin Blanc, hata yenye utamu kidogo, na wale shangazi zako uliosema hawapendi waini kavu watakushukuru.

Kitu ambacho wengi hawajali ni joto. Desemba Dar es Salaam, sebule inafika nyuzi 30, wakati nyekundu inataka kama 16 hadi 18. Itie kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina, wakucheke wakitaka. Nyeupe ikae humo tangu asubuhi.

Dompo, ile waini tamu ya Dodoma, ibaki ya keki, ni tamu mno kwa chakula. Kwa wageni 10, chukua chupa 4 za mililita 750. Kila moja inatoa glasi 5 hivi.