Mtoto halali bila dubu wake, nimsomee kitabu gani?

SWALI: Dada habari, mwanangu ana miaka 3 na halali bila dubu wake wa manyoya, nataka nianze kumsomea vitabu vya picha usiku, nianze na kipi? Mama, Arusha

JIBU: Karibu mama, na huyo dubu usimnyang'anye jamani, watoto wengi wa umri huo wanatulia wakishika kitu laini walichokizoea. Anza na Corduroy cha Don Freeman, kilitoka Marekani mwaka 1968, ni dubu wa dukani ovaroli yake imepungukiwa kifungo, usiku anashuka kukitafuta duka zima, kesho yake binti anaitwa Lisa anakuja na hela za kibubu chake anamnunua hivyo hivyo alivyo, kifungo anamshonea nyumbani. Mimi hapo kwenye "hivyo hivyo" ndo napapenda mno. Kingine ni Knuffle Bunny cha Mo Willems, 2004, sungura wa manyoya wa mtoto anasahaulika sehemu ya kufulia nguo huko Brooklyn, New York, mtoto mwenyewe hajajua kuongea na baba haelewi analilia nini. Viko kwa Kiingereza ila wewe simulia kwa Kiswahili huku unaonyesha picha, dubu naye mpakate aone. Akitaka kile kile kila siku msomee tu, maneno yanamkaa.