Usiguse koili: redio koli inapokea lakini hairushi

Mkuu, weka bisibisi chini kwanza. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Una redio koli ya zamani ya megahezi 27, inapokea vizuri, ukibonyeza maiki sindano ya mita ya wati haiinuki na hakuna anayekusikia. Umeuliza pia kuhusu taa ya namba za chaneli inayofifia, sauti inayokwaruza ukigeuza volyumu, na jinsi ya kupata ramani ya sakiti. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba kuna mtu amekushauri ufungue kifuniko uzungushe koili, zile nyaya zilizosokotwa zinazoiweka redio kwenye masafa yake, "mpaka wati zirudi", na kwamba utafanya hivyo wikiendi.

Usifanye. Nakuomba kabisa. Mimi nilifanya, na redio yangu haijawahi kuwa ileile.

Koili haijizungushi. Redio iliyokuwa inarusha juzi na leo hairushi haijapoteza urekebisho wake. Kuna kitu kimekatika, kimelegea, kimeshika kutu au kimeungua. Vile viini vya feraiti ndani ya koili, yaani vijiti vidogo vinavyozungushwa ili kuirekebisha, viliwekwa kiwandani kwa vipimo, vingi vikamwagiwa nta au rangi ili visisogee, na vimekaa hapo miaka 30 au 40 bila kuguswa. Umri unaweza kuvipotosha kidogo, ukakuta wati 4 zimekuwa 3. Kukunyang'anya wati zote kwa usiku mmoja, haviwezi.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo nitakueleza yote yaliyonipata.

Redio yangu ni ya AM, chaneli 40, niliyoachiwa na mjomba aliyeitumia kwenye lori mpaka alipostaafu. Ilianza kwa kurusha na kukata. Leo inakubali, kesho inagoma, ukiitikisa maiki inakubali tena. Kisha siku moja ikanyamaza moja kwa moja. Dalili ile ilikuwa inapiga kelele: kitu kinachokata na kurudi ukikitikisa ni waya au kiungo. Urekebisho wa masafa hautikisiki. Ila mimi nilikwenda kumuuliza mtu badala ya kuisikiliza redio.

Mtu huyo alijitambulisha kuwa ni fundi wa redio wa miaka mingi. Hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza kama spika inanyamaza nikibonyeza kitufe. Hakuuliza umeme unaoingia una volti ngapi nikiwa nimebonyeza. Hakuuliza habari ya antena. Alisema tu, "Hizo koili za kurushia zimeshuka, zipandishe." Fundi kukosea namsamehe, hata mimi hukosea. Kunihakikishia jambo ambalo hakulipima, na redio yenyewe hajaiona, hilo bado linaniuma.

Nikafungua kifuniko. Nikachukua bisibisi ya chuma, bapa, nikaanza na koili ya kwanza niliyoiona. Chuma kikiingia ndani ya koili kinaibadilisha koili yenyewe, kwa hiyo unachokisoma bisibisi ikiwa ndani sicho kitakachobaki ukiitoa. Ndiyo maana mafundi wa kweli hutumia kijiti cha plastiki kilichochongwa kwa umbo la tundu la kiini. Tena feraiti ni kama kigae: ngumu, lakini haipindi. Ikiwa imegandiana na nta na wewe ukailazimisha, inapasuka. Vyangu vilipasuka viwili. Kimoja kikakwama katikati, hakipandi hakishuki.

Nilizungusha koili sita bila mabadiliko yoyote. Hapo yule bwana akaniambia nigusanishe pini ya kurusha na pini ya hasi kwenye soketi ya maiki kwa kipande cha waya, ili redio "ikae inarusha" na mikono yangu ibaki huru kuzungusha. Nikafanya hivyo. Sindano ikaruka papo hapo.

Mkuu, soma tena hapo. Nilipoweka kipande cha waya badala ya maiki, redio ikarusha. Jibu lote la tatizo langu lilikuwa mbele ya macho yangu: redio nzima, maiki mbovu. Lakini kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimejazwa habari za koili, nikaamini koili ndizo zimejibu. Nikaendelea kuzungusha ili sindano ipande zaidi.

Nayo ikapanda. Wati 5, 6, mwisho 7, kwenye redio iliyotengenezwa kutoa 4. Nilifurahi sana. Nikampigia simu rafiki aliye umbali wa kilomita moja hivi afungue redio yake. Akanisikia kwa shida, sauti imepinda, inakatika. Wakati huohuo televisheni ndani ya nyumba ikajaa mistari.

Sikuwa najua kwamba mita ya wati haina masikio. Inahesabu nguvu yote inayopita kwenye waya wa antena bila kujali iko kwenye masafa gani. Nilikuwa nimezipotosha koili zinazochuja, na hatua ya mwisho ya kurusha ikaanza kutoa mawimbi yake yenyewe. Sehemu ya zile wati 7 haikuwa kwenye chaneli yangu kabisa. Nyingine ilitoka mara mbili ya masafa, karibu megahezi 54, ambako zamani ndiko zilikokuwa baadhi ya chaneli za televisheni. Kwa hiyo mtu anayezungusha koili huku akitazama sindano tu anaweza kuwa anaharibu kwa kila robo mzunguko, na sindano inamsifu. Na uchafu huo unaingia kwenye mawasiliano ya watu wengine ambao hawakukukosea kitu.

Baada ya dakika chache transista ya mwisho, ile inayokuza mawimbi kabla ya antena, ikaungua. Harufu yake naikumbuka. Nikanunua nyingine, 2SC1969, ambayo Mitsubishi iliacha kuitengeneza siku nyingi na sokoni za kughushi ni nyingi mno. Ya kwanza ikafa ndani ya sekunde, ya pili haikutoa hata wati 1. Ya tatu niliifunga bila kurudisha kile kipande chembamba cha maika (madini yasiyopitisha umeme) kinachoitenga na bati. Kwenye transista hiyo mgongo wa chuma umeunganishwa na mguu uitwao kolekta, na kolekta ndipo zinapofika volti 12 na ushee. Fyuzi ikalipuka.

Nikarudisha maika na kuweka fyuzi mpya, lakini nilipoondoa kile kipande cha waya nikachomeka maiki tena, redio haikurusha. Kama mwanzo tu.

Mwisho niliipeleka kwa mama mmoja anayetengeneza vyombo vya mawasiliano, mwenye jenereta ya mawimbi na mashine inayoonyesha masafa yote yanayotoka. Hakufungua kifuniko. Alichomoa maiki, akaweka maltimita, akabonyeza, akakunja kebo ya maiki pale inapoingilia kwenye kasha lake. Ikalia, ikanyamaza, ikalia. Akakata sentimita 5, akalehemu upya nyaya 4. Dakika kumi. Kisha akatumia siku nzima kurekebisha yale niliyoyafanya ndani, akang'oa koili mbili na kupachika nyingine kutoka kwenye redio mbovu iliyochinjwa, kwa sababu vipuri hivyo havitengenezwi tena. Inarusha sasa, wati 3 na kidogo. Chaneli za juu hazilingani na za chini kama zamani.

Sasa fanya hivi kabla ya lolote.

Bonyeza kitufe cha maiki na usikilize spika. Kama mngurumo wa upokeaji unaendelea vilevile, redio haijui kwamba umebonyeza. Shida iko kwenye maiki, kebo, plagi, relei (swichi inayoendeshwa na umeme), au ile transista ndogo inayobadilisha kutoka kupokea kwenda kurusha. Kama spika inanyamaza na taa ya kurusha inawaka lakini nguvu haitoki, hapo ndipo unaanza kufikiria ndani. Kama nguvu inatoka na watu wanasikia ukimya tu badala ya sauti yako, ni kidonge cha maiki, kile kinachoigeuza sauti kuwa umeme, au waya wake wa sauti. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na yule aliyekushauri hakukuuliza.

Chomoa maiki. Tafuta mpango wa pini za redio yako, yaani ya toleo lako hasa, maana plagi za pini 4 zinafanana kwa sura lakini nyaya zake hutofautiana kwa mtengenezaji na mtengenezaji. Pima kati ya pini ya kurusha na pini ya hasi huku umebonyeza: ukinzani uwe karibu na 0. Ukipata omu makumi, na namba inacheza, swichi ya ndani imeshika kutu na inataka kusafishwa. Endelea kubonyeza huku ukikunja kebo kwenye ncha zote mbili, pale inapoingia kwenye kasha na pale inapoingia kwenye plagi, kwa sababu hapo ndipo hukatika, ndani ya ngozi isiyoonyesha jeraha. Usishtuke kama spika itakufa kabisa maiki ikichomolewa. Redio nyingi za zamani hupitisha upokeaji kwenye swichi ya maiki, hivyo si tatizo jipya.

Maiki ikiwa nzima, usibonyeze tena bila mzigo wa omu 50, yaani kitu cha kumeza nguvu badala ya antena, kwenye soketi ya antena. Ukikosa mzigo bandia wa kununua, rezista mbili za omu 100, za wati kadhaa, zilizounganishwa sambamba zinatosha kwa majaribio mafupi, ila zisiwe zile za waya uliosokotwa, kwa sababu nazo ni koili. Mwenye antena mbovu au asiye na antena kabisa anarudishia transista nguvu yake mwenyewe, na mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, ikisoma zaidi ya 3 acha hapohapo.

Halafu pima umeme. Redio hizi zinapenda volti 13.8. Weka mita kwenye nyaya nyuma ya redio, siyo kwenye betri, kisha bonyeza. Zikianguka hadi 10 au 11, tafuta kutu kwenye kishikio cha fyuzi na viungo vya waya. Kupokea kunahitaji mkondo mdogo kwa hiyo kutaendelea vizuri, kurusha ndiko kunakofichua waya mbovu. Pima na mkondo pia. Redio ya wati 4 ikirusha inavuta takriban ampea 1 au zaidi kidogo, ikipokea kwa sauti ya chini inavuta sehemu ndogo ya hiyo. Ukibonyeza na mkondo usipande kabisa, hatua ya mwisho ama haipewi umeme, ama haipewi mawimbi ya kukuza, ama imekufa.

Ni hapo tu ndipo utafungua kifuniko, na bado si kwa ajili ya koili. Pima volti kwenye kolekta ya transista ya mwisho ukiwa umebonyeza. Kwenye redio nyingi za AM umeme huo unapitia kwenye transfoma ya sauti, na waya wa transfoma ukikatika hakuna kinachotoka hata kama mengine yote ni mazima. Kwenye nyingi ya redio hizo pia kikuza sauti ni kimoja: ukipokea kinaendesha spika, ukirusha kinabeba sauti yako. Kama yako ni ya aina hiyo na spika inaongea kwa nguvu, usipoteze muda kukishuku. Tazama lehemu kwa kioo cha kukuzia, hasa miguu ya transista zinazopata joto na miguu ya soketi ya antena. Ukiona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu, lehemu imepasuka, ilehemu upya. Kama redio yako ina sintesaiza ya chaneli, yaani sakiti inayotengeneza masafa ya kila chaneli, jua kwamba ikishindwa kushika masafa nyingi huzuia kurusha kwa makusudi. Huo ni ulinzi, usijaribu kuuruka.

Umeandika kwamba yako nayo ilikuwa "inakubali na kukataa" wiki mbili kabla ya kunyamaza. Sentensi hiyo umeipita haraka, mimi ndiyo iliyoniamsha. Leo jioni pima ile kebo ya maiki na unirudishie namba mbili: ukinzani ukiwa umebonyeza kebo ikiwa imenyooka, na ukinzani ukiikunja shingoni. Niletee na volti za nyuma ya redio. Kifuniko kiache kimefungwa, na hiyo bisibisi mpe mtu mwingine akae nayo mpaka tumalize.