RX-7 inakohoa ukikanyaga mafuta

Ndugu yangu wa Goma, unasema Mazda RX-7 yako ya 1988, gari ya moteri ya rota, iko sawa ikiwa ralanti, ila ukikanyaga mafuta inakohoa, tangu fundi aunge upya waya za kapta (vihisi vya moteri). Mafuta na buji viache kwanza. Kapta ya Ne, ile inayosoma mzunguko wa moteri, ni ya sumaku, ina waya mbili. Zikigeuzwa, cheche inateleza, inachelewa, mzunguko ukipanda. Funga taa ya taimingi (inayoonyesha cheche inatoka wakati gani) kwenye waya wa buji ya chini, rota ya mbele. Alama ya njano ya puli, nyuzi 5 baada ya kilele (pale rota inapobana kabisa), ilingane na pini ya moteri. Nyekundu ni ya buji ya juu. Ongeza mafuta: cheche ikirudi nyuma badala ya kutangulia, badilishana zile waya mbili za Ne. Na kama fundi alifunga maungio kwa mkanda wa plastiki, toa! Moteri hiyo ina joto kali. Unga waya kwa lehemu.